Kati ya Kuvunda na Kuoza

Tonge la kwanza lilipita kwa sababu Davis alikuwa na njaa ya safari ndefu ya treni. La pili lilifika kooni likakataa. Harufu ilimpanda puani kutokea ndani, harufu ya maji ya mtaroni yaliyolala juani wiki nzima, na nyuma yake ikaja nyingine, kali, ya kituo cha mafuta. Machozi yakamlenga. Akashika ukingo wa mkeka, akameza kwa nguvu kama anayemeza kidonge bila maji.

Mbele yake, juu ya kigoda, mama yake Rozalia alikuwa amekaa na mwiko mkononi, mwenyewe hajajipakulia, akimwangalia usoni.

"Vipi, baba?"

"Kitamu, mama," Davis akasema, akajilazimisha kucheka. "Kitamu kama zamani."

Uso wa mama ukakunjuka wote. Akampakulia mzee Calixte, jirani yao, kisha akajipakulia mwenyewe, nao wakaanza kula hawana hili wala lile. Davis akasema miguu imemfa ganzi kwa safari, anaomba akamalizie chakula nyuma ya nyumba, kwenye upepo. Huko alimwaga sahani yote kando ya ukuta. Kuku wa jirani, wale wa mtaa wa Buzebazeba ambao hula hata mabaki ya sabuni, walikuja mbio, wakadonoa mara moja, wakaondoka zao.

Ajabu ni kwamba chakula hichohicho ndicho kilichomtoa Dodoma. Davis alikuwa mpima ardhi, mtu wa miaka arobaini na moja, na tangu mkewe Sia alipofungasha na kurudi kwao Moshi mwezi wa pili, hakuna kitu kilichokuwa kikimpita kooni kwa raha. Alikula chipsi ndani ya gari, peke yake, na zilikuwa kama karatasi. Suruali zikaanza kumvuka. Bosi wake mwenyewe ndiye aliyemwambia achukue likizo kabla hajaanguka juu ya darubini ya kupimia viwanja. Ndipo akakumbuka nyumbani. Katika nyumba ile huzuni ilikuwa na dawa moja tu, nayo iliiva jikoni. Alipofeli kidato cha nne, mama alisonga ugali wa muhogo, akapika sombe, yaani kisamvu, kwa mawese na samaki wa mgebuka wa kuchoma, hakusema neno, na kufikia jioni Davis alikuwa anacheka. Baba alipofariki ilikuwa vilevile. Njiani kote, tangu Tabora, alikuwa akimeza mate kwa kuwaza sombe lile.

Sasa ameliona. Hasira ikampanda, kama mtu aliyetapeliwa.

Kesho yake alielewa. Alimkuta mama nyuma ya jiko, ameinama juu ya pipa la kuloweka muhogo. Watu wa huko hawaulizwi muhogo hulowekwa siku ngapi. Hutegemea jua, hutegemea maji, hutegemea muhogo wenyewe. Rozalia alizaliwa Mwamgongo, kijiji cha kando ya ziwa, akalelewa kwenye mapipa hayo, na alipokuwa akimfundisha Spesiosa, dada yake Davis, alikuwa akisema kwamba kati ya kuvunda na kuoza kuna siku moja tu, na siku hiyo haimo kwenye kalenda, imo puani. Muhogo uliovunda una uchachu msafi, unaofungua hamu ya kula. Ukioza, hata nguruwe anafikiria mara mbili. Enzi zake Rozalia alikuwa akipita mlangoni kwa mtu, anavuta pumzi mara moja, anamwambia mwenye nyumba, "Opoa leo, mwenzangu, kesho utalia."

Rozalia huyohuyo sasa alikuwa ameingiza kichwa chote ndani ya pipa. Juu ya maji kulikuwa na povu la kijivu, na ndani ya povu funza weupe walikuwa wakijinyonganyonga. Aliinua muhogo mmoja, ukamong'onyokea mkononi mwake kama uji. Akaunusa. Akatikisa kichwa kwa maringo ya fundi.

"Bado kidogo," akasema.

Davis alitembea haraka hadi nyuma ya choo akatapika. Aliporudi alikuwa amejifuta vizuri.

"Mama, yale mafua ya mwaka jana, yaliyokulaza wiki tatu, yaliisha kabisa?"

"Yaliisha zamani," mama akasema, na akafunika pipa kwa kishindo kidogo.

Basi muhogo ulikuwa umejulikana. Harufu ya kituo cha mafuta nayo aliifuatilia hadi kwenye dumu la manjano chini ya meza. Binamu yake mama aliyebaki Mwamgongo ndiye aliyeleta mawese yale kwa boti. Binamu alikuwa ameishiwa vyombo, akamwomba nahodha dumu la mafuta. Nahodha akampa dumu la mafuta. Wote wawili hawakukosea, ila lile la nahodha lilikuwa la petroli ya injini, na halikuwa limeoshwa. Mtu mwenye pua angelirudisha kabla halijavuka kizingiti. Mama alikuwa amelipokea kwa vigelegele.

Mchana huo Spesiosa akapiga simu kutoka Kasulu.

"Kaka, jirani mmoja kanipigia. Anasema jiko la mama linanuka mpaka barabarani. Ni kweli?"

Davis alikuwa barazani. Kupitia dirishani alimwona mama yake akichambua majani ya muhogo, akiimba wimbo wa kanisani, mabega yakicheza.

"Kwa sababu kama ni kweli," Spesiosa akaendelea, "nakuja Jumamosi namchukua. Atakaa kwangu kwenye kochi, na mwiko hataushika tena. Nina msichana wa kazi. Siwezi kungoja mama aungue au ajilishe sumu."

Davis alimjua dada yake, akisema Jumamosi ni Jumamosi. Na alimjua mama yake. Mnyang'anye jiko, mvishe soksi, mkalishe mbele ya televisheni ya Kasulu, na kabla ya mwaka kwisha mtakuwa mnachanga rambirambi.

"Majirani wana maneno," akasema. "Mama anapika kama kawaida. Nimenenepa hata."

Uongo ule ulimwachia ladha mbaya mdomoni kuliko sombe. Lakini aliona ameokoa jambo.

Kuanzia hapo siku zikawa na utaratibu. Asubuhi mama anapika, mchana mama anapakua, Davis anameza matonge mawili mbele yake kwa kujikaza, anasifu, anatabasamu, kisha anajifanya kupigiwa simu na kwenda kumwaga sahani chooni. Alikuwa amebuni hadi mbinu ya kuzuia pumzi asisikie harufu. Usoni alikuwa ni mtu aliyekaa harusini. Na mama, kila akitazama uso ule, alizidi kunawiri, akaongeza vyakula. Leo dagaa, kesho mgebuka, keshokutwa sombe la karanga. Karanga zenyewe zilikuwa na ukungu wa kijani.

Siku ya tano alimsindikiza mama kununua samaki mwaloni, boti za wavuvi zinakotia nanga. Mchuuzi wake alikuwa Adolf, kijana mnene mwenye kofia ya sufu juani, mdomo mtamu kama asali, akawahi kumwamkia kikwao.

"Mwakeye, mama yangu! Mteja wangu namba moja!"

Mbele ya Adolf kulikuwa na migebuka ya asubuhi hiyo, inang'aa kama visu vipya. Lakini mkono wake ulishuka chini ya meza, kwenye beseni lililofunikwa gunia, ukaibuka na samaki wanne. Macho yao yalikuwa yamezama na kuwa meupe. Tumbo la mmoja lilikuwa limepasuka. Nzi walimfuata kama waombolezaji. Rozalia alimpokea yule wa kwanza, akamfunua mashavu, akamsogeza puani, akafumba macho, akavuta pumzi ndefu.

"Wabichi," akasema. "Nifungie."

Wanawake wawili wa meza ya jirani wakatazamana, mmoja akaficha kicheko ndani ya kanga. Adolf akafunga samaki, akapokea bei ya samaki wa asubuhi, na mama alipogeuka akamkonyeza Davis.

"Bi mkubwa hana matata," akanong'ona. "Wewe ndiye mwanawe? Mungu akutunzie."

Hapo ndipo Davis alipopaswa kuipindua ile meza. Angemshika Adolf ukosi, angemsukumia yule samaki aliyepasuka mdomoni, na mwalo mzima ungejua. Lakini mwalo ukijua, mama naye angejua, tena mbele ya watu, na wale wanawake wawili wangecheka wazi. Kwa hiyo akachukua mfuko. Maji ya samaki yalivuja, yakamtiririkia mguuni hadi ndani ya kiatu. Njia nzima ya kurudi alikuwa akiusikia mguu ule, na alijichukia.

Jioni ileile alimfuata mzee Calixte kibarazani kwake. Calixte alikuwa fundi mwashi kutoka Burundi, miaka mingi Buzebazeba, mjane, hana mtoto wa karibu. Rozalia alimlisha mchana kila siku tangu alipoanguka kwenye jukwaa la ujenzi na kuvunjika nyonga. Yeye, tofauti na Davis, alikuwa akisafisha sahani hadi inang'aa, kisha anashukuru kwa lugha ya kwao, "Urakoze cane, Mama Davis," na kujifuta masharubu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, kijana."

"Mzee, nikuulize kwa heshima. Chakula kile unakimezaje?"

Calixte akaiweka sawa nyonga yake mbaya. "Kambini nilipanga foleni kutwa nzima kwa kikombe cha maharage yenye wadudu. Nikala maharage, nikala na wadudu. Kutupa chakula mimi sijui, kijana. Sikufundishwa."

"Lakini unajua kwamba kimeharibika."

"Najua. Mdomo wangu haujafa." Akamtazama. "Mwambie mama yako. Mimi nikisema, atasema, huyu mkimbizi nimemlisha miaka, leo ananidharau. Wewe umetoka tumboni mwake. Mtoto anaweza kusema."

"Nitamwambia kesho," Davis akasema.

Kesho ikaja, mama akaamka akiimba, Davis hakusema. Kesho nyingine ikaja. Kila siku alipata sababu, na kila sababu ilikuwa na sura nzuri ya upendo. Mama ana furaha. Mama ameniambia nimepata rangi. Tena, ukweli wa kuchukiza ni kwamba alikuwa amepata rangi kweli. Ile furaha ya mama ilimwingia kama chakula chenyewe. Alilala usingizi. Siku nzima ilipita bila kumkumbuka Sia. Mzee Calixte naye aliendelea kusafisha sahani.

Siku ya kumi na mbili, asubuhi, Davis aliamshwa na vishindo vya watu. Calixte alikuwa ametapika usiku kucha, na majirani walikuwa wanambeba kwenye kiti cha plastiki kumpeleka zahanati. Kichwa kilikuwa kimelala begani, midomo imepauka, na suruali yake ilikuwa imelowa uchafu, yeye ambaye hakuwahi kutoka nje bila kufunga vifungo vyote vya shati. Davis alishika mguu mmoja wa kiti. Mkono wake ukachafuka. Hakuthubutu kukunja uso.

Zahanati wakamtundikia dripu, kisha ya pili. Muuguzi akauliza mgonjwa alikula nini jana. Davis akasema samaki. Muuguzi akauliza samaki wa namna gani, na Davis akatazama sakafu.

Aliporudi nyumbani saa nne, mama alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, ameegemea ukuta wa jiko, mkono tumboni. Macho yalikuwa yamedidimia. Moto haukuwa umewashwa.

"Anaendeleaje?"

"Ana dripu. Daktari anasema atapona."

"Mimi nimeharisha mara tano," Rozalia akasema, kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa tu. "Calixte ndiyo huyo, nusura afe. Chungu kilikuwa kimoja. Wewe tumbo lako linasemaje?"

"Hata mimi limenisumbua kidogo usiku."

"Saa ngapi?"

"Kama… saa tisa."

"Choo ni kimoja, Davis. Nimekaa mlangoni pake tangu saa saba. Hukuja."

Uongo ulikuwa umeisha kama maji kwenye mtungi.

"Sikula, mama," akasema. "Natupa. Tangu siku ya kwanza. Matonge mawili nala mbele yako, mengine namwaga."

Alitegemea machozi, au kelele. Mama yake alimtazama tu, kwa muda mrefu, jinsi mtu anavyotazama kitu alichokanyaga.

"Pua yangu imekufa tangu yale mafua," akasema hatimaye. "Ulidhani sijui? Nikila naona chumvi na pilipili, mengine ni kama kutafuna kitambaa. Mwaka mzima nimepika maharage na viazi, vitu ambavyo mkono unatosha, maana hata macho ya karibu yamefifia. Nani ningemwambia? Spesiosa? Angenichukua siku hiyohiyo. Halafu ukapiga simu, unakuja, unataka sombe, unataka mgebuka, unataka bugali wa muhogo kama wa zamani. Ningekwambiaje kwamba mama uliyemfuata hayupo?"

"Mama…"

"Nyamaza. Nikajiambia, Davis hajawahi kuficha kitu usoni tangu alipokuwa ananyonya. Nitampakulia yeye kwanza. Akikunja uso, namwaga chungu, nasingizia moto. Akicheka, nawapakulia wengine. Uso wako ndio niliokuwa nanusia, mwana wanje." Akakohoa, sauti ikawa kali zaidi. "Ukacheka. Siku kumi na moja unacheka. Kila ukicheka, mimi nikachota, nikampa mzee wa watu."

Davis aliketi chini pale pale kwenye majivu. Alijiona anatabasamu, siku baada ya siku, meno nje, na mkono wa mama ukienda chunguni.

"Inuka," mama akasema. "Lete chungu cha jana."

Akaleta.

"Nusa. Useme kweli, kwa mapana yake. Usinionee huruma."

Davis akafunua kifuniko, akainama. "Samaki ameoza. Si wa jana, ni wa siku tatu, nne. Adolf anakuwekea pembeni, mama, chini ya meza, nimemwona. Sikusema."

Mama alitikisa kichwa mara moja. "Mawese?"

"Yana petroli."

"Muhogo?"

"Umeoza. Una funza."

"Unga?"

Akanusa unga. Akanusa karanga, akanusa dagaa kwenye kopo, akanusa maji ya mtungi, akanusa hata mwiko. Kila kitu alikitaja kwa jina lake, na kila alichokitaja kibaya mama alinyoosha kidole kuelekea mlangoni, Davis akakitoa nje. Rafu ya jiko ikabaki na chumvi, majani ya chai na mfuko wa maharage. Rozalia akatazama rafu ile tupu.

"Na mimi?" akauliza.

Davis hakuelewa.

"Mimi, mama yako. Nanuka?"

Neno hapana lilikuwa tayari kwenye ncha ya ulimi, laini, la adabu, na lilimtia kinyaa kuliko wale funza wa pipani. Akalitema bila kulisema.

"Ndiyo, mama."

"Nanukaje?"

"Kama nguo iliyokunjwa mbichi. Na samaki. Na mkojo."

Rozalia aliinua pindo la kitenge chake taratibu, akalileta puani kwa mazoea tu, akalishusha. Hakulia. Mikono yake ilianza kunyoosha kitenge juu ya magoti, kunyoosha, kunyoosha.

"Kanisani nakaa benchi la mbele," akasema. "Mwaka mzima nimekaa benchi la mbele."

Davis akanyanyuka, akawasha moto, akainjika maji ya kuoga.